Marehemu Kelestini Mkopi na Kikao cha Kibaoni

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Kibaoni, nanyi wageni wetu kutoka Morogoro, poleni sana kwa msiba. Mimi ni Dionisi, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi hii kwa sababu nina sauti kubwa, si kwa sababu nyingine, kwa hiyo mnivumilie.

Marehemu Kelestini Beno Mkopi alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957, Mwaya, upande wa Mahenge, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Beno na mama yetu Justa, akaanza shule ya msingi hukohuko mwaka 1965, akamaliza kidato cha sita mwaka 1977, kisha akaenda Jeshi la Kujenga Taifa, Chita, ambako alijifunza kulima mpunga na kuamrisha watu, na hilo la pili halikumtoka kamwe, sisi wadogo zake ni mashahidi. Alipata shahada ya kilimo mwaka 1982, akaajiriwa kuwa afisa kilimo hapahapa Kilombero, na tarehe 2 Juni 1984 akafunga ndoa na shemeji yetu Teddy, wakajaliwa watoto watatu, Viktor, Verediana na Wiliam.

Mwaka 1995 alirudi chuo kikuu, Morogoro, kusomea shahada ya uzamivu, na Novemba 1996 wenzake walimchagua kuwa Mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa shahada za juu, watu wazima wenye ndoa zao, waliokuwa wanalazwa mabwenini kama vijana wa sekondari, huku wake, waume na watoto wamebaki makwao. Kelestini aliwaganda wakubwa wa chuo mwaka mzima, mpaka wakatoa nyumba za familia, kwa makubaliano kwamba kila mwaka, kabla Aprili haijaisha, kiongozi halali wa chama asaini upya, yeye mwenyewe, hukohuko chuoni.

Januari mwaka huu wa 1998 aligundulika ana saratani ya ini, akaletwa nyumbani, na hapo ndipo tulipopata kazi, maana katiba ya chama, ambayo aliiandika yeye mwenyewe, jamani, inataka Mwenyekiti akabidhi kiti ana kwa ana, mbele ya nusu ya wanachama, vinginevyo hakuna kiongozi halali. Alikataa dawa za maumivu zisije zikamlevya, akisema akifa na kile kiti, watoto wa watu watatolewa nje, na shemeji Teddy akamwambia mbele yetu sote kwamba amechoka kumuuguza Mwenyekiti, anataka kumuuguza mume wake. Kisha akaenda posta, akampigia simu Bi. Mbuke, katibu wa chama, akamwambia kama Mwenyekiti hawezi kuletwa huko, basi ninyi njooni.

Wakaja, Jumamosi tarehe 4 Aprili, na mvua hizi za El Nino mnazijua, basi lao lilikwama Kiberege, wakamalizia safari kwa trekta, wakashuka hapa wametapakaa matope, wengine na watoto mgongoni. Tulimtoa kaka uani na kitanda chake, kikao kikafunguliwa, na wakati wa kupiga kura mama yetu Justa naye alinyoosha mkono, Mwenyekiti akamwomba kwa heshima zote aushushe, si mwanachama. Tulicheka, naye alicheka, mara ya kwanza tangu Januari. Bi. Mbuke akachaguliwa, Jumanne akasaini, nyumba zikabaki na watu wake, na simu ilipotuletea habari hiyo, kaka alimeza dawa bila kubembelezwa, akaomba wali kwa kambale, akalala usingizi wa kukoroma.

Alifariki Jumanne tarehe 21 Aprili, saa nne asubuhi, bila maumivu, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe. Tunalia, lakini sitawaficha, tumeshusha pumzi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani kwa kuni, maji na mkesha, ofisi ya kilimo, wanachama wote, na yule dereva wa trekta, Bwana Nassib, asante sana.

Wageni wetu mmeuliza kwa nini msalabani hatukuandika cheo. Ni ombi la shemeji Teddy, amesema kiti alikwisha kukikabidhi, aliyekufa mkononi mwake ni mume wake.

Pumzika, kaka, kwa amani yote.