Maji ya Chemba, Kona ya Nangara

Benchi la kona yetu hapa Nangara ni ubao mmoja wa mkaratusi uliopigiliwa juu ya visiki, na mbele yake ndipo ninapoweka jiko, birika la kahawa na sinia la kashata, huku mwanangu Salme akilala mgongoni. Wateja wa kudumu ni watatu. Mzee Herieli anaitwa Kamati, kwa sababu aliwahi kuwa mjumbe wa kamati ya maji na hajakubali mpaka leo kwamba ilivunjwa. Wiliam anaitwa Ripoti, kwa kuwa hawezi kusema jambo bila kusema kwanza kwamba kuna ripoti. Peter wa bodaboda anaitwa Kona, na ukitaka kujua sababu, mtazame makovu ya goti. Siku hiyo hawakuwa na haja ya kutafuta habari mbali. Mbele ya benchi palikuwa na mtaro wa mabomba ya majitaka, na mwanzoni mwa mtaro palikuwa na shimo lenye chemba mpya ya faiba iliyojaa maji safi, na pembeni ya shimo alisimama mume wangu, Yoakimu, akiyalinda.

Ile chemba ni kama pipa la kijani, refu kuliko mtu, lakini jepesi. Vibarua wawili waliibeba mabegani asubuhi kama jeneza tupu. Waliishusha, wakaiunganisha na bomba, wakamwaga zege kuzunguka kitako, kisha boza likaja likaijaza maji. Nilikuwa napuliza mkaa Fundi Damasi, msimamizi wao, alipomwambia Yoakimu:

— Mvua ya jana imeleta maji mengi chini. Chemba ikiwa tupu itasukumwa juu kabla zege halijashika. Ikipanda, bomba linakatika. Nafuata kokoto Maisaka. Maji haya yasiguswe hadi nirudi. Ukinilindia leo, nakwenda nawe mpaka mradi ufike Sigino. Yakiguswa, tafuta kazi nyingine.

Yoakimu hakuwa amepata kazi ya maana tangu Salme azaliwe. Alijibu, "Sawa, fundi," akavaa reflekta yake vizuri akasimama.

Shida ni kwamba mtaro huohuo ulikuwa umekata bomba letu la maji ya kunywa. Tangu juzi mtaa ulikuwa mkavu. Maji ya kahawa niliyachota kwenye kisima cha parokia, tena kwa kupanga foleni alfajiri.

— Mama Salme, mimina, alisema Kamati. Halafu utueleze mumeo analinda nini pale.

Nilimimina. Sikujibu, maana pale kwenye benchi huwa sijibu.

— Analinda maji, mzee, alisema Kona. Mtaa hauna hata tone, mwenzetu kapewa pipa zima alitazame. Mchongo huo.

Yoakimu alisikia. Alijibu bila kugeuka:

— Siyatazami. Yanaishikilia chemba isielee.

— Isielee wapi? akauliza Kamati. Vitu vinaelea ziwani, Baba Salme. Hapa ni udongo.

— Udongo una maji, mzee. Sogea uchungulie shimoni.

— Nimekaa mtaa huu hujazaliwa. Sijawahi kuona choo cha mtu kikielea.

— Vyoo vyetu ni vya tofali. Hii ni faiba.

Walicheka wote watatu, Ripoti akapaliwa na kahawa. Alipomaliza kukohoa alishusha kikombe.

— Kuna ripoti, alisema. Hizi chemba za faiba zinakuja na nyufa. Wanajaza maji ili waone zinavujia wapi. Sasa hii imevuja, ndiyo maana shimo lina maji nje. Wanaona aibu kusema.

— Kama wanapima, mbona wameacha mtu mwenye sururu? alisema Kona. Mpimaji anakuja na sururu?

— Hawapimi chochote, alisema Kamati. Mimi nimekaa kwenye kamati. Maji yakikosekana mtaani, ujue kuna mahali yamewekwa. Sasa mmeona yalipowekwa. Jioni boza linarudi, linanyonya, linaondoka. Kesho mnaambiwa bomba bado linatengenezwa.

— Hapo umesema, mzee, alisema Kona.

— Sisemi. Najua.

— Mimi ripoti niliyonayo ni ya viboko, alisema Ripoti.

Kona alimgeukia.

— Viboko gani tena?

— Wa ziwani. Wakinusa mtaro wanaufuata. Hawa jamaa wameweka maji hapa mwanzoni ili kiboko akifika anywe, aridhike, arudi, asipande huko kwenye nyumba za wakubwa.

— Kaka, kiboko ataingiza kichwa kwenye tundu lile?

— Ndama wake.

— Na mama yake atamsubiri hapa kwenye benchi, anywe kahawa?

Hawakupata nafasi ya kucheka, kwa sababu Romana alikuwa amefika na ndoo. Nyumba yake inatazamana na shimo.

— Shikamoo, mzee, alimwambia Kamati.

— Marahaba, mwanangu. Nenda, maji yale pale.

Romana alisogea hadi kwenye ubao uliowekwa juu ya shimo. Yoakimu alinyoosha mkono.

— Dada Romana, haya hayachotwi.

— Baba Salme, nina mtoto anaharisha ndani. Sina maji hata ya kumwosha.

Yoakimu alitazama chemba, akatazama barabara ya Maisaka. Kisha alichukua dumu lake la maji ya kunywa, lile nililomfungia asubuhi, akampa.

— Chukua haya. Nisamehe.

Romana alilipokea, lakini hakuondoka. Alisimama na dumu dogo mkononi, macho yakiwa kwenye ile chemba iliyojaa. Wanawake wengine walitoka uani na ndoo zao, wakasimama nyuma yake. Mtu mmoja akaja na mkokoteni wenye madumu. Hakuna aliyepaza sauti. Hilo ndilo lililonitisha, maana watu wa mtaa wetu wakiwa na hasira kidogo hupiga kelele.

— Mnaona? alisema Kamati. Pipa limejaa, yeye anagawa kidumu.

— Tumtoe tu, mzee, alisema Kona. Yuko peke yake.

— Umguse kibarua wa serikali uende ndani? Akili, Peter, alisema Kamati. Alishusha sauti, lakini mimi nilikuwa nimeinama palepale nikimimina.

— Mtangulizeni mkwewe.

Kona alitabasamu.

Huku kwetu mwanaume hambishii mama mkwe. Akikutana naye njiani humpisha. Hamtazami usoni, hamzuii mkono, wala hamtamkii neno "hapana" mbele za watu. Yoakimu hajawahi hata kukaa kwenye kiti kimoja na mama yangu. Mama akija kwetu, yeye hula nje.

— Bibi Katarina ana ndoo? aliuliza Ripoti, akimtaja mama yangu.

— Mtaa mzima una ndoo, alisema Kamati. Peter, mwambie maji yatamwagwa jioni, ni ruhusa tu ya kuchota. Akishachota yeye, nani atazuiwa?

Kikombe kilikuwa kimejaa, kahawa ikamwagikia vidole vyangu.

— Mzee, nilisema. Mama asiletwe.

— Ati?

— Mama yangu asiletwe.

— Wewe mimina, Mama Salme. Haya ya maji tuachie sisi.

Kona alikwishawasha pikipiki. Niliacha birika, nikaenda hadi ukingoni mwa shimo.

— Baba Salme, wanamleta mama.

Alinielewa mara moja.

— Mzuie wewe, alisema. Mimi siwezi.

Mama anakaa karibu, na Kona anajulikana kwa mbio. Nilikuwa bado natafuta maneno pikipiki iliporudi. Mama alishuka akinyoosha khanga, ndoo mkononi, furaha usoni kwa ajili ya maji. Nilisimama mbele yake.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Mbona umesimama katikati ya njia?

— Usichote haya, mama. Fundi amekataza.

— Nimeambiwa jioni yanamwagwa.

— Hayamwagwi.

— Mzee Herieli atume mtu aniletee uongo? Mzee Herieli, si umesema yanamwagwa?

— Yanamwagwa, mama, alisema Kamati kutoka kwenye benchi. Chota kwa amani.

Mama alinitazama, kisha akamtazama Yoakimu. Sitaki msomaji amwone mama yangu mbaya. Alimpa nafasi.

— Mume wako akisema nisichote, narudi nyumbani, alisema kwa sauti ya watu wote kusikia.

Wote walisubiri. Yoakimu alivua kofia. Halafu alishuka kwenye ubao, akasogea pembeni, akageuzia uso wake kwenye lundo la udongo.

— Hajasema, alisema mama.

Akashusha ndoo.

Alichota moja, akajitwika, akaenda zake bila kumwaga tone. Nyuma yake ubao ulijaa watu.

— Wengine hapana, alisema Yoakimu, akirudi mbio. Jamani, wengine hapana.

— Mkweo ruhusa, sisi marufuku? alisema Kona, naye tayari alikuwa na madumu. Usizingue, mwanangu.

Yoakimu alimshika mmoja mkono, mwingine akapita. Alishika ndoo, ikavutwa, maji yakammwagikia kifuani. Alisema kuhusu zege, kuhusu bomba, na kila aliyemsikia alikuwa ameinama anachota. Mwenye mkokoteni alikuja na kamba, akawa anatumbukiza dumu na kulivuta. Maji yalishuka mpaka chini ya mdomo wa chemba, yakashuka mpaka sikuweza tena kuyaona kutoka pale nilipokuwa. Upande wa mlima Kwaraa wingu lilikuwa jeusi, na matone ya kwanza yakaanza kulia kwenye sinia langu la kashata.

Ndipo tuliposikia sauti, kama tawi kubwa linalojiandaa kuvunjika.

Watu waliruka kutoka kwenye ubao. Chemba iliegama kidogo, ikatulia, kisha ikaanza kupanda. Haikuruka. Ilipanda taratibu, kama mtu anayeamka kitandani, na zege bichi likapasuka kuzunguka kitako chake kama ukoko wa ugali. Chini kitu kililia "ta," na maji ya udongo yakaanza kuchemka pale bomba lilipokuwa.

Yoakimu aliikumbatia kwa mikono miwili, akailalia kwa kifua. Iliinuka naye.

Romana alikuwa wa kwanza kurudisha. Alimimina ndoo yake ndani ya chemba, akakimbia kwake kuleta nyingine. Nilimimina maji yangu ya kuoshea vikombe. Yalikuwa kichekesho tu. Mkokoteni ulikuwa umeshakata kona, na waliobaki walikuwa wakifunga milango.

Lori la kokoto lilifika mvua ikiwa imekaza. Fundi Damasi alishuka, akaitazama chemba iliyolala upande, akamtazama Yoakimu aliyejaa tope. Hakufoka. Alikuja hadi kwenye benchi, ambako wateja wangu walikuwa wamejibana chini ya turubai.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, fundi, alisema Kamati. Poleni na kazi.

— Nani alianza kuchota?

Mvua ilipiga turubai. Ripoti alikuwa akitazama ndani ya kikombe chake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na ripoti. Kona alifuta siti ya pikipiki iliyokuwa ikinyeshewa bado.

Damasi alimgeukia mume wangu.

— Yoakimu, sikukuachia jeshi. Najua mtu mmoja hawezi kuzuia mtaa. Nitajie wa kwanza tu. Nikipeleka jina ofisini watajua ulizidiwa, na kesho unaingia kazini. Nisipopeleka jina, jina ni lako. Nani alianza?

Yoakimu alikuwa na kofia mkononi. Aliikunja, akaikunjua.

— Mama, wewe si ulikuwa hapa? Damasi aliniuliza mimi.

Nilifungua mdomo. Yoakimu alinitazama, na katika mtazamo ule niliona alichokuwa akiniomba: nisimtaje mama. Nikamgeukia Kamati. Nilimtazama kwa muda mrefu, zaidi ya ninavyoruhusiwa kumtazama mtu wa umri wake. Alikuwa na nafasi ya kutosha ya kusema. Alipuliza kahawa yake, akanywa.

— Basi, alisema Damasi. Vua reflekta.

Yoakimu aliivua. Aliikamua maji, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti cha lori. Kisha alichukua sururu yake mwenyewe, akaniambia, "Natangulia nyumbani," akaondoka kwa miguu kwenye mvua. Alipita njia ya nyuma, ili asipite mbele ya nyumba ya mama.

Lori liligeuza. Sauti yake ikapotea.

— Vitu vyenyewe vya faiba, alisema Kamati. Havifai. Ningekuwa bado kwenye kamati, nisingepitisha.

— Kuna ripoti hata kule Arusha vimeshindikana, alisema Ripoti.

— Noma sana, alisema Kona, akitazama chini.

Kamati alininyooshea kikombe.

— Mama Salme, hebu tuongezee. Baridi hii.

Birika lilikuwa jikoni, limejaa mpaka shingoni, na mvuke ulikuwa ukitoka mdomoni mwake mbele ya macho yao. Niliuondoa mkaa. Nikaliinua birika kwa mikono miwili, maana lilikuwa zito, nikaliweka nyuma yangu.

— Kahawa imekwisha, nilisema.

Kamati alitazama mvuke, akanitazama mimi.

— Imekwisha?

— Imekwisha, mzee.

Kikombe chake kilibaki hewani. Nikakichukua, nikakiosha kwa maji ya mvua, nikaanza kufunga sinia.