Kasoro Moja ya Nyumba ya Verna

Basi la Minneapolis lilikuwa na viti vitupu tele, lakini Ardis alikwenda kujibana ubavuni pa jirani yake Verna. Wote wawili walikuwa wanauza nyumba juma lile, na jiji linataka ripoti ya mkaguzi wa nyumba, yenye kasoro zote, ikae mezani humo, kila mnunuzi aisome. Jana yake Ardis alijifanya mnunuzi, akaenda kuisoma ya mwenzake.

"Kasoro moja tu!" Ardis akalalama. "Mimi nimeandikiwa kumi na tisa. Ulimlisha nini yule mkaguzi?" "Pai ya tufaha, shoga. Hata hakuigusa." "Nyumba zetu kazijenga fundi mmoja! Nani atainunua yangu akishaiona yako?"

Verna akamtazama. "Na hiyo kasoro moja uliisoma, au uliishia kuhesabu?" Ardis alikuwa ameishia kuhesabu.

"Msingi wa nyumba yangu unalowa," Verna akaendelea. "Mfereji wa paa lako umetoboka, maji yote yanamwagikia kwangu. Uuzibe leo, jirani, wanunuzi wanakuja tena kesho."

Basi likasimama mtaani kwao. Wingu jeusi lilikuwa limetanda, na Ardis akashuka amechangamka kama bibi harusi.

"Nitauziba," akasema, "mvua ikishapita."