Fundi Taratibu Anastaafu, Mmoja Wao

Baada ya miaka thelathini na minne katika maabara yetu ya kunakili watu, Fundi Taratibu anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30. Tuseme mmoja wao anastaafu.

Alianza kwa kufagia chumba cha mtambo, akapanda hadi kuwa fundi mkuu. Ndiye aliyetuletea utaratibu wa kumfunga mteja uzi wa buluu mkononi. Mtambo hunakili mwili tu, na watu huingia bila nguo, kwa hiyo anayetoka na uzi ndiye asili. Hakuchanganya mteja hata mmoja. Alijisahau siku moja tu, alipoujaribu mtambo mpya kwa mwili wake mwenyewe, na uzi ukabaki mezani. Wakatoka wawili, wakagombea shati.

Hiyo ni miaka kumi na tisa iliyopita. Tangu hapo tuna Fundi wa Asubuhi na Fundi wa Jioni, na kila mmoja aliapa kuwa ndiye asili. Waliwahi kununiana wiki nzima kwa sababu ya mswaki. Mama yao hakujisumbua: alisema mmoja alimzaa kwa uchungu, wa pili ameletewa bure, akawapakulia wote.

Kisha barua ya kustaafu ikafika. Kanuni inasema anastaafu asili. Nakala bado ana miaka kumi na tano ya kazi. Mama naye sasa ni mgonjwa, anahitaji mtu wa kushinda naye nyumbani. Kila mmoja alitamani awe yeye. Lakini wakaingia ofisi ya utumishi, na kila mmoja akaapa kuwa yeye ndiye nakala, ili mwenzake aende. Nilikuwa pale mapokezi, na sioni haya kusema nilitokwa na machozi.

Afisa utumishi alikuna kichwa siku tatu, halafu akampigia mama simu. Mama akajibu aje yule anayeumwa magoti, ili yeye mama apate kumkanda. Fundi wa Jioni akainama, akasaini.

Fundi wa Jioni, asante kwa kazi na kwa utani. Tunakutakia afya na siku tulivu kando ya mama.

Nawe Fundi wa Asubuhi, uliyemfungia mwenzako mizigo: zamu zako za kila Ijumaa tumeshagawana. Nenda ukamwone mama yako.