Fundi Aliyeshindwa na Spika Moja

Mzee Qiu Shangen amekitumikia Kituo cha Matangazo cha Luowan miaka thelathini na mmoja na miezi minane. Kaingia mwezi wa Mei mwaka 1957, anatoka Jumamosi hii, tarehe thelathini na moja Desemba 1988. Nimeambiwa nianze hivyo, nimeanza hivyo. Mimi ni Luan Guihua, mpishi wa kituo. Sijui kusoma, nasema tu, binti wa ofisini anaandika. Mkuu wa kituo kanichagua nitoe maneno ya kumuaga kwa sababu waliomjua Mzee Qiu tangu ujana wamekufa au wamehamia mjini, na hawa waliobaki hawajui hata anavyopenda siki. Anaipenda vibaya. Tambi kwake ni kisingizio cha kunywa siki.

Binti kanisomea faili lake ili nipate cha kusifia. Nguzo mia tatu na kumi kazisimamisha yeye. Vijiji kumi na tisa, kila nyumba spika yake ukutani, waya kavuta yeye. Halafu kuna sentensi moja ya mwaka 1970: “Ana moyo wa kazi, lakini ujuzi wake ni mdogo.” Mkuu anasema ibaki, ila tuilainishe, tuseme alijitahidi. Mimi nimekataa. Kesho wajukuu zake watakaa mstari wa mbele, na yule mkwe wake anayetengeneza televisheni na kujiona amezaliwa na bisibisi mkononi, halafu wasomewe kwamba babu yao alikuwa hajui kazi? Nikaomba niseme ninachokijua. Mkuu akasema ukurasa mmoja tu. Nikasema sawa. Ukurasa unaishia wapi, hayo wanayajua waliosoma.

Sasa nisimsifu kabla sijamcheka kidogo, maana kesho hatapata tena wa kumcheka bure. Mzee Qiu anaogopa mabata bukini. Nguzo ya urefu wa nyumba mbili anapanda anapiga mluzi, lakini bata bukini mmoja akinyoosha shingo, fundi wetu anakumbuka ana kazi kijiji kingine. Siku moja huko Beigou alikuwa juu ya nguzo, spika zikaanza kusoma agizo kutoka mji mkuu. Enzi hizo agizo likisomwa, ulipo ndipo unaposimama, hata kama umeinua kijiko. Likasomwa saa nzima na nusu. Chini, mabata bukini yakaufungua mfuko wake wa chakula. Hakuweza kuyafukuza. Aliitazama mikate yake mitatu ikiliwa mmoja baada ya mwingine, uso umetulia kama wa mtu anayeelewa kila neno. Wanabeigou walimpigia makofi aliposhuka, wakasema hawajaona msikilizaji makini kama yule.

Basi tuje kwenye hiyo sabini.

Spika zile hazikuwa na swichi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri wimbo, halafu habari: mavuno yamepita kiasi, chuma kimepita kiasi. Umelala na njaa, unaamshwa kuambiwa umeshiba. Kuizima ni kosa, kuifunika ni kosa. Jirani yetu mmoja aliivisha kofia ya mtoto, akaitwa kujieleza, akasema spika ilikuwa inasikia baridi. Alijieleza siku tatu.

Kila spika ilikuwa na nyaya mbili. Mmoja unakwenda kwenye nguzo, mwingine umefungwa kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini. Ardhi ikiwa na maji, spika inanguruma. Ardhi ikikauka, sauti inakonda. Ndiyo maana wakati wa kiangazi tuliamriwa kukimwagilia maji kile chuma kila asubuhi, kama mtu anayetunza mche wa kabichi. Waliokuwa mbali na kisima walikimwagia kitu kingine, sitakitaja, hii karatasi ina muhuri wa ofisi. Haya yote aliyetufundisha ni Mzee Qiu mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Hakuna mtu tarafa nzima aliyejua vizuri kuliko yeye chuma kikae wapi. Hilo likumbukwe.

Mwaka huo, mwezi wa tatu, kaka wa mume wangu, Mwalimu Kuang Wenlu, aliwaambia wanafunzi wake kwamba viazi vya kijiji vimeoza ghalani. Na kweli vilikuwa vimeoza, harufu ilifika barabarani. Lakini spika ilikuwa imesema mavuno kama yale hayajawahi kutokea. Akachukuliwa, akapelekwa kuvunja mawe milimani. Wala hayakuishia hapo. Kila alfajiri, baada ya wimbo, likawa linasomwa jina lake. Adui. Mwongo. Panya wa ghala la umma. Spika ilining'inia juu kabisa ya kitanda cha mama mkwe wangu, mama yake mzazi.

Siku ya kwanza mama aliweka bakuli chini. Siku ya nne alikuwa hajaligusa. Tulimbembeleza, tukamkoroga uji wa mtama na tende nyekundu, akageuzia uso ukutani, na ukuta ndio uliokuwa ukimtukana mwanawe. Nikaona kabisa kwamba yule mama anakwenda.

Nilikuwa tayari mpishi hapa. Nikamwekea Mzee Qiu tambi zake, siki nikazidisha, nikamwambia kwamba mama mkwe hali chakula. Sikuomba kitu. Kuomba kungekuwa kumtia kitanzi shingoni, maana anayeharibu spika alikuwa anaitwa mhujumu, na wahujumu nimewaona walivyorudi, wale waliorudi. Aliendelea kula. Halafu akauliza jiko letu lina umri gani. Nikamwambia alilijenga babu yake mume wangu. Akanywa supu yote, akaondoka.

Kesho yake akaja na koleo, anasema kwa sauti jirani wasikie, ukaguzi wa nyaya, ukaguzi wa nyaya. Akafukua pembeni ya jiko, pale ambapo moto umewaka miaka sitini na udongo umekuwa kama unga. Akachimbia chuma humo, waya akaupitisha nyuma ya ukuta. Kile chuma cha nje akakiacha palepale, kizuri, kinaonekana, hakijaungwa na kitu. Alfajiri iliyofuata spika ililia kama mbu ndani ya chupa. Mama alisikiliza. Akasikiliza tena. Kisha akaulizia uji.

Siku ya tisa akaja Mkaguzi Tong kutoka wilayani, mtu mrefu, kazi yake kutembea alfajiri akitega sikio kwenye kuta za watu. Akaingia kwetu, Mzee Qiu nyuma yake na ndoo. Mkaguzi akaamuru chuma kimwagiwe. Mzee Qiu akakimwagia kile cha nje ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka uani pakawa bwawa. Mbu akabaki mbu. Mama mkwe alikuwa amekaa sakafuni, pembeni ya jiko, juu ya ule udongo mpya, ametandaza sketi yake kama kuku anayelalia mayai. Hakumwinukia mgeni. Mimi nimeshika upawa sijui wa nini.

“Fundi,” Mkaguzi akasema, “hii ni sauti au ni ugonjwa?”

“Udongo wa huku mbaya, Ndugu Mkaguzi.”

“Udongo huu ni wa umma. Unasema udongo wa umma ni mbaya?”

Neno moja tu lilibaki kati ya Mzee Qiu na milima ya mawe. Akaweka ndoo chini, akajikuna kichwa kama mjinga wa sokoni.

“Hapana, Ndugu. Udongo mzuri. Mbaya mimi. Kusema kweli hii kazi sijaijua.”

Mkaguzi akamwita bichwa la kiazi, akaandika kwenye daftari lake. Hiyo ndiyo sentensi iliyo kwenye faili. Mzee Qiu akatakiwa kujikosoa hewani, asubuhi saba mfululizo. Vijiji vyote kumi na tisa vikamsikia akisema kwa mdomo wake kwamba yeye ni fundi asiyejua ardhi iko wapi. Nyumba moja tu haikusikia. Spika yake ilikuwa mbovu.

Hakupewa cheo tena. Vijana aliowafundisha kukata waya wakawa wakubwa zake, wanamtania jikoni kwangu, “Mzee Qiu, ardhi iko wapi?” Yeye anaonyesha juu. Miaka kumi na minane ameonyesha juu, wala hakuniambia hata mara moja ninyamaze. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa mwoga, na hilo liandikwe pia.

Shemeji yangu alirudishwa mwaka sabini na tisa, mgongo umepinda. Mama alikuwa hai, anakula vizuri, ananisema kuhusu chumvi. Usiku ule wa kwanza Mwalimu alimuuliza kwa woga kama alikuwa akisikia waliyokuwa wakimsema kila asubuhi. Mama akamwekea kipande cha nyama kwenye bakuli.

“Nisikie wapi mwanangu? Fundi wetu hajui kazi.”

Halafu akanigeukia, “We Guihua, kesho mpelekee mayai.”

Mkuu amekaa hapa mlangoni tangu nilipofika kwenye habari za Mkaguzi Tong. Anasema faili ni la wilaya, hana ruhusa ya kulifuta. Lakini hii karatasi ni ya kituo, anasema, na amechukua kalamu, ameikata ile sentensi mwenyewe, ananiuliza tuweke nini mahali pake. Andika hivi, binti, kwa herufi kubwa mkwe aone: ALIJUA KAZI YAKE.

Mzee Qiu, ahsante. Sisi wa kituo, na nyumba ya kina Kuang, tunakuombea uzee mtamu, meno ya kutosha, na siki isiyokwisha. Mwalimu Wenlu atakuwepo kesho. Hajui kusema mbele za watu tangu zile siku, kwa hiyo akikushika mkono asiseme kitu, mwache aushike mpaka amalize.