Neno Ambalo Ayuma Hangoji Tena

Ndugu wapendwa mliofika kutufuta machozi, familia inawaomba muisikilize safari ya marehemu Nthenya Munyoki, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Ayuma.

Nthenya alizaliwa tarehe 9 Aprili 1969 huko Wamunyu, binti wa mchonga vinyago Mzee Munyoki, akaletwa Nairobi angali mchanga, akasomea Makadara, akahitimu upigaji wa picha za eksirei mwaka 1992, na kuajiriwa katika hospitali moja hapa Eastlands, alikohudumu hadi maradhi yalipomtoa kazini. Tarehe 17 Desemba 1994 aliolewa na Bwana Luseno, dereva wa kiwanda huko Industrial Area, wakafanya makao Buruburu, na tarehe 3 Juni 1997 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, Ayuma, aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, asiyesema, asiyetulia viungo, na ambaye homa ya mapafu haikumpa likizo.

Kwa ajili ya Ayuma, Nthenya aliapa kwamba mbele yake hakuna mgonjwa atakayefungwa mikanda mezani: wasioweza kulala aliwapiga picha wakiwa katika viti vyao vya magurudumu, akiugeuza mtambo uwafuate wao, waliopinda mgongo aliwaegemeza kwa sponji alizokatiwa na babake kwa kisu cha vinyago, na wasioelewa agizo la kuzuia pumzi aliwaimbia wimbo wa watoto wa Kikamba, akaukata ghafla kabla ya neno la mwisho, hivyo mtoto akawa tuli, kifua kimejaa, akilingoja, naye akapiga picha, kisha akampa neno lake.

Agosti 2024 alipatikana na saratani ya mapafu, na Januari iliyofuata, mama akiwa wodini, Ayuma naye akaugua kifua. Mwenzake Nthenya wa kazi, Kanyiva, aliuimba wimbo ule kwa upendo, na kwa upendo uo huo akaumaliza, maana hakuwa na moyo wa kumkatiza mgonjwa raha yake, picha ikatoka ukungu mtupu, akapanda wodini akilalama, "Mama Ayuma, wimbo tumeimba yote, na huyu msichana wako anatucheka tu!" Nthenya alicheka hadi akakohoa, akaomba asukumwe kwa kiti hadi chumba cha eksirei, akaanza kuimba, lakini pumzi ikamwishia katikati ya ubeti, Ayuma akatulia akingoja, picha ikatoka safi, akatibiwa akapona, ila neno la mwisho mama hakuweza kulitoa.

Tarehe 21 Machi 2025, alfajiri, Nthenya alituacha. Tangu hapo Kanyiva ameukata wimbo palepale alipofundishwa, tena na tena, lakini Ayuma hugeuza uso na kuhema, kwa kuwa amekwisha kujua kwamba neno haliji, na sasa kifua kimemrudia, daktari anataka picha nyingine, nasi hatujui itapatikanaje.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Buruburu mliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake, hasa Kanyiva, tunayemsihi asijilaumu. Marehemu amemwacha Bwana Luseno, na Ayuma, aliyeketi hapa mbele yenu.

Mama Ayuma, neno ulilobakisha hatuna wa kulitamka. Pumzika kwa amani.