Njia Anayoisema Akilala

AKIDA: Haloo? Bweni la wanafunzi wa udaktari, Dar. Nani mwenzangu?

MWASITI: Kaka Akida! Shikamoo. Ni Mwasiti, nipo posta Geita.

AKIDA: Marahaba, Mama Mwanne. Paza sauti, waya unakwaruza. Hamjambo huko?

MWASITI: Hatuja— kaka, duara la dhahabu, lile shimo lao, limetitia juzi. Bashiri katolewa hai.

AKIDA: Alhamdulillahi! Shemeji kaumia?

MWASITI: Kichwa. Anatujua wote, ila siku ile ya kuingia chini imemfutika kabisa. Na mwenzake bado yumo. Tukigonga mwamba, anajibu.

AKIDA: Basi wachimbe!

MWASITI: Wachimbe wapi? Chini kuna njia kama mizizi ya muhogo. Si unawajua wachimbaji, wakipata mshipa wa dhahabu hawamwonyeshi mtu. Kila wakitoka huifunika njia yao kwa mawe. Wanaijua wao wawili tu.

AKIDA: Lo!

MWASITI: Lakini akilala anaisema. "Inama. Kushoto. Magogo. Maji." Mkono unatambaa kwenye shuka! Ndiyo nikakumbuka wale panya wa maabara uliotusimulia siku ya Idi—

AKIDA: Ndiyo. Ubongoni kuna chembe hai, kila moja inakumbuka mahali pamoja. Panya akifika konani, hii inawaka; akifika mlangoni, ile. Akilala, zilizowaka akitembea zinawaka tena.

MWASITI: Kwa kufuatana vilevile?

AKIDA: Hilo bado halijajulikana.

MWASITI: Kaka! Mara aanze magogo, mara kushoto. Tukikosea tunamwangushia mlima!

AKIDA: Msikilize mpaka mwisho. Baada ya maji anasemaje?

MWASITI: Namwamsha.

AKIDA: Unamwamsha?

MWASITI: Anatweta, anakabwa! Ni mume wangu, nimtazame tu?

AKIDA: Mwache afike. Huyo wa chini ndiye anayekufa. Ni nani, kwani?

[Waya unakwaruza.]

AKIDA: Mwasiti?

MWASITI: Mama alisema usiambiwe kabla ya mtihani.

AKIDA: Zamoyoni yuko Maganzo, kwenye almasi. Niambie yuko Maganzo!

MWASITI: Alihamia huku baada ya Idi.

AKIDA: Mdogo wetu anagonga mwamba, wewe unamwamsha mumeo?

MWASITI: Mmoja tumbo moja na mimi, mmoja baba wa wanangu. Chagua wewe, daktari!

AKIDA: ...Nisamehe.

MWASITI: Nimekudanganya, kaka. Baada ya maji kuna neno. Nimelisikia, nikamwamsha wasilisikie wachimbaji wenzake wanaomkesha.

AKIDA: Neno gani?

MWASITI: "Zamoyoni, subiri, nakuja." [analia] Halafu mkono unarudi nyuma. Unarudi kulekule ulikotoka.

AKIDA: Alimwacha.

MWASITI: Mimi sijasema hivyo.

AKIDA: Sikia. Mfuatano achana nao. Maji yako wapi huko chini?

MWASITI: Upande wa jirani, kwa Masele, tu. Duara lake lilifurika masika.

AKIDA: Basi aligeukia kwenye maji, Zamoyoni yuko ng'ambo yake! Wapitie kwa Masele!

MWASITI: Masele atauliza nimejuaje. Nikilisema neno lile, Bashiri hataishi tena na watu hapa.

AKIDA: Mwasiti...

MWASITI: Najua. [anavuta pumzi] Najua, kaka. Naenda kusema.

AKIDA: Kimbia! Nami napanda treni ya leo. Mkimfikia, mwambie Zamoyoni nakuj—

MWASITI: Hilo usiseme!

AKIDA: Lipi?

MWASITI: Sema lingine lolote, kaka, hilo alishaambiwa na Bash— Opereta, usikate! Ope—