Bwana Simfoniki

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali, na liko mbele ya kibanda cha kushonea cha Bi Pindo, pale njia inapokata kwenda kwenye ukumbi wa mtaa. Halikuwekwa kwa ajili ya wazushi. Bi Pindo aliliweka ili wateja wakae wakingoja kupimwa, lakini wateja wana kazi zao na wazushi hawana, kwa hiyo ikifika saa tatu asubuhi wamo wote watatu. Yupo Mzee Faili, mshika funguo za ukumbi, aliyebeba mafaili ofisini miaka thelathini mpaka mwenyewe akaanza kuongea kama faili. Yupo Cheche, mchomelea vyuma, ambaye nyusi zake ziliungua zamani na hazikuona haja ya kurudi. Na yupo Birika, muuza kahawa, anayekuja kuuza akaishia kunywa. Bi Pindo hukaa mlangoni nyuma ya cherehani, pini sita mdomoni. Darasani alifika la tatu, akaona linatosha. Wenzake huziombea dua zile pini, maana siku akizitema zote mtu hurudi kwake amenyooshwa.

Asubuhi hiyo Faili alikuja na fomu. Kuna vijana walitaka ukumbi Jumamosi alasiri, wapige muziki wao. Fomu ilitakiwa ifike ofisini kabla ya saa sita, la sivyo ukumbi wangepewa chama cha wafuga kuku, ambao walikuwa na mkutano wa kuchagua katibu na hamu kubwa ya kugombana. Kila kitu kilikuwa kimejazwa. Kilichobaki ni sahihi ya Faili, chini kabisa, chini ya neno moja lililomkosesha raha tangu alfajiri: NIMEELEWA.

—Miaka thelathini, alisema Faili, nimetia sahihi vitu nisivyovijua. Lakini hakuna karatasi iliyowahi kunitaka nikiri kwamba nimeelewa.

—Nini hujaelewa? aliuliza Birika, akimimina.

—Hapa. Aina ya muziki. Wameandika Simfoniki Blaki Meto.

Wote wakaitazama fomu. Faili akavaa miwani.

—Ni majina matatu. Ndiye mwenye bendi. Simfoniki ni jina lake, Blaki la baba, Meto la babu.

—Mtoto wa nani huyo hapa mtaani? Birika alishangaa.

—Ni mgeni. Mwenyeji hawezi kumwita mtoto Simfoniki, angepigwa shuleni.

Bi Pindo alisikia yote na hakutema pini. Mbele yake kulikuwa na majoho matano meusi, manne yamekwisha na la tano amebakisha pindo. Kushona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi kulimla macho wiki nzima. Majoho yalikuwa ya bendi hiyohiyo, na mjukuu wake, yule muuguzi wa zahanati, angepita kuyachukua kabla ya saa sita. Mtaa mzima ulijua kuwa binti anapiga kinanda. Jambo ambalo mtaa haukulijua ni kwamba kinanda kilishapata mpigaji mwingine, na binti sasa ndiye mwimbaji. Mazoezi alifanyia stoo ya bibi yake, uso ameuzamisha kwenye robota la blanketi ili vitambaa vimeze sauti. Sauti isiyomezwa, Bi Pindo aliwaambia wateja kuwa ni cherehani ya zamani inataka mafuta.

Muziki wenyewe, wa Kizungu, fidla na kunguruma, hakuupenda. Alishamwambia mjukuu wake usoni: unafanana na blanketi linalochanwa na mtu mwenye hasira. Lakini binti alimwapisha asiseme, kwa sababu kina mama wa zahanati wakijua kwamba nesi mpole ndiye anayenguruma hivyo, watawatoa watoto kwenye foleni. Bi Pindo aliapa huku ameshika mkasi. Kiapo ni kiapo, hata kama ni cha upuuzi.

—Simfoniki sijui, alisema Cheche, lakini blaki meto ni lugha ya kwetu sisi mafundi. Ni chuma cheusi.

—Kwani vyuma vyote si vyeusi?

—Nani kakuambia? Kuna chuma cheupe, kile kilichochovywa kwenye zinki, hakishiki kutu. Na kuna cheusi, kinachotoka kiwandani kama kilivyozaliwa. Usipokipaka rangi mapema kinaoza. Basi hawa ni mafundi wenzangu wanalalamikia mali mbovu. Mimi niko upande wao.

—Hujawasikia bado.

—Sina haja. Chuma cheusi nakijua.

Faili akatoa simu. Vijana walikuwa wamemtumia wimbo mmoja, na yeye akauita kiambatanisho. Akabonyeza, akaiweka simu katikati ya benchi kama mtu anayeweka bomu la kienyeji, akajivuta nyuma.

Zikaja fidla kwanza, nyingi, taratibu, na nyuma yake sauti za watu wakiimba aa, aa, kama wako mbali ndani ya jengo kubwa.

—Mbona pazuri, alisema Birika.

Ngoma zikaingia. Zilipiga haraka mpaka vikombe vikatembea kwenye sinia. Halafu ikaja sauti. Birika alimwaga kahawa kwenye goti la Cheche na Cheche hakuhisi.

Faili akaizima.

—Hiyo si ngoma, alisema Cheche. Ni jenereta. Imekauka oili na kuna mtu bado anaivuta kamba.

—Na sauti?

—Sauti ndiyo hiyo jenereta.

—Hapana, alisema Faili. Huyu ni mtu. Tena namjua. Huyu alifuatilia cheti cha kuzaliwa, akaambiwa arudi kesho. Akarudi. Akaambiwa aliyeshika muhuri kasafiri. Sauti hii nimeisikia dirisha namba nne kwa masikio yangu. Maskini, Bwana Simfoniki.

—Rudisha nyuma, alisema Birika.

Wakasikiliza tena. Birika akainamisha sikio mpaka karibu liguse kioo.

—Wako wawili, alisema. Koo moja, watu wawili. Mmoja anataka kutoka, mwingine kamshika shati.

—Koo la mtu halipitishi watu wawili.

—Ndiyo maana anapiga kelele.

Bi Pindo akatoa pini moja.

—Faili, mwezi jana uliwatilia sahihi wafuga nyuki. Kuna nini ulielewa pale?

—Nyuki nawaelewa, Bi Pindo. Nyuki anauma, anatoa asali, basi. Huyu anauma, asali iko wapi?

—Mwanzoni. Hizo fidla.

—Hizo nakubali. Fidla peke yake ningetia sahihi na muhuri. Tatizo ni huyu bwana. Kwa nini hawamtafuti mtu mwenye sauti? Ona mjukuu wako. Juzi kanichoma sindano ya goti, nilisikia sauti yake tu, sindano sikuisikia. Aimbe yeye, huyu abaki kupanga viti.

Bi Pindo akairudisha pini mdomoni kwa haraka mpaka nusura aimeze.

—Hatoki kazini mapema, alisema kwa kona ya mdomo.

Sasa Birika alikuwa amepata wazo, na wazo likimpata Birika hutikisa kichwa kama kuku aliyeona punje.

—Kumbe wimbo unapigwa kinyumenyume. Mwisho umewekwa mwanzo. Ndiyo maana maneno hayasikiki.

—Sasa tufanyeje?

—Tuigeuze simu.

Hakuna aliyecheka. Faili aliishika simu, akaigeuza kichwa chini miguu juu, akabonyeza. Wazee watatu wakainamisha vichwa upande, shingo zimepinda, wakasikiliza wimbo uleule kwa makini zaidi.

—Hapo, alisema Cheche. Hapo kidogo nimepata neno. Kasema "mlango".

—Mimi nimesikia "mlo".

—Kasema "mrudishie", alisema Faili. Anadai faili lake. Nilisema mimi.

—Au hajasema kitu, alisema Cheche. Labda anakohoa kwa mpangilio. Vumbi la chuma likikukaa kifuani miaka kumi, unakohoa vilevile kabisa. Wenzake wamemzungushia fidla ili asione aibu.

—Basi apelekwe hospitali, si ukumbini.

—Wanamchangia matibabu. Na yale majoho hapo, Cheche alinyoosha kidole kwa Bi Pindo, ni ya madaktari wake.

—Madaktari wanavaa meupe, alisema Birika.

—Meupe ni ya ugonjwa wa kawaida.

Bi Pindo alizitema pini zote sita kwenye kiganja. Benchi zima likanyooka mgongo.

—Nyie watu, alisema. Mnaishi kwa kukaa. Mmoja wenu hana nyusi, mwingine anauza kahawa anayoinywa mwenyewe, na wa tatu ameshindwa na neno moja la silabi tano. Kuna vijana watano wanaotaka chumba chenye paa kwa saa mbili. Hawajaposa binti wa mtu. Tia sahihi.

—Siwezi kudanganya karatasi, alisema Faili, na safari hii hakuwa anatania. Waliniacha kazini miaka yote hiyo kwa sababu moja: sikuwahi kudanganya karatasi. Nikitia sahihi chini ya NIMEELEWA na sijaelewa, nimebaki na nini?

Bi Pindo aligeuka nyuma. Saa ya ukutani ndani ya kibanda ilisoma saa sita kasorobo. Kwa neno moja tu angeweza kummaliza Faili. Angesema: huyo Bwana Simfoniki ndiye aliyekuchoma goti. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Akauma uzi badala yake, joho la tano likawa limekwisha.

Faili akafungua kalamu.

—Nitaandika SIJAELEWA, nitie sahihi hapo. Hivyo nitakuwa mkweli. Wafuga kuku wachukue ukumbi.

Wino ulikuwa bado haujagusa karatasi pale mjukuu alipotokea, na sare yake ya zahanati na mfuko mkubwa wa kubebea majoho.

—Shikamooni, alisema. Sauti yake ilikuwa ileile ndogo, inayokufanya unyamaze ili uisikie.

—Marahaba, mwanetu, walijibu wote, na Faili akalifunika goti lake kwa adabu.

Binti akaiona fomu, akaiona kalamu, akaisikia simu bado inanguruma imelala chali. Alimtazama bibi yake. Bi Pindo alitikisa kichwa kidogo sana: sijasema.

—Mnausikiliza? aliuliza.

—Tangu saa tatu, alisema Cheche. Tumeuchambua wote. Mimi nakuambia ni mambo ya viwandani.

—Ni cheti cha kuzaliwa, alisema Faili.

—Ni watu wawili, alisema Birika.

Binti alisogea, akakaa kwenye ncha ya benchi, upande wa tofali. Alionekana kama mtu mwenye swali ambalo amelibeba siku nyingi bila kupata wa kumuuliza.

—Basi mniambie kweli, alisema. Pale katikati, fidla zikishapanda. Yule anayeimba, mnaona anaingia mapema au anachelewa?

Cheche akamtazama Birika. Birika akatazama ndani ya birika. Faili akavua miwani na kuifuta kwa shati. Kati ya watu watatu waliousikiliza wimbo asubuhi nzima, hakuna aliyejua katikati yake iko wapi.

—Anachelewa, alisema Bi Pindo.

Wote wakageuka.

—Mara ya kwanza anaingia sawasawa. Mara ya pili anangoja fidla zimalize ndipo avute pumzi, na akishavuta, ngoma zimeshamwacha, anabaki kuzikimbiza. Avute pumzi fidla zikiwa bado zinapanda. Ahesabu tatu tu.

—Umeyajuaje hayo? aliuliza Birika.

—Mmeupiga mara nane. Nyie mlikuwa mnasema, mimi nilikuwa nasikia.

Faili alikuwa amesimamisha kalamu hewani. Uso wake ulibadilika polepole, kama mtu aliyekuta karatasi iliyopotea ndani ya faili lisilo lake.

—Ngoja, alisema. Ina maana kuna kuchelewa?

—Kuna kuchelewa.

—Ina maana kuna wakati wake maalumu, huyu bwana anatakiwa awepo, na asipokuwepo ni kosa?

—Ni kosa, alisema binti kwa unyonge. Wenzake wanamlaumu kila siku.

—Sasa mbona hamkusema? Faili alikasirika kabisa. Mimi nilidhani mtu anapiga kelele anapojisikia. Kumbe ana zamu. Kitu chenye zamu kina ratiba, na kitu chenye ratiba nakielewa tangu nikiwa kijana.

Akainama, akatia sahihi chini ya NIMEELEWA. Aliivuta mkia mrefu, kama zamani ofisini. Kwenye nafasi ya maoni akaandika kwa herufi za kupendeza: *Mwimbaji anachelewa. Amepewa onyo.*

Binti aliipokea fomu kwa mikono miwili. Bi Pindo alikuwa ameshayakunja majoho, akamsukumia mfuko bila kumtazama na kumwambia aende, ofisi haimngojei mtu. Faili akamwita kabla hajafika kwenye kona.

—Mwanangu, huyo Bwana Simfoniki umwambie wewe. Ila umwambie kwa upole. Mtu mwenye koo kama lile, moyo wake utakuwa mdogo.

—Nitamwambia, babu.

Akaenda zake na mzigo wake begani. Bi Pindo alimsindikiza kwa macho mpaka kwenye kona, akaona midomo yake inahesabu moja, mbili, tatu, halafu mabega yakapanda, akavuta pumzi.